Uzi: Kibhojpuri, lugha ya watu milioni 50 ambao huambiwa hawana lugha

Dau la Pangani

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo tangu nirudi kutoka Doha. Leo nauandika kabla sijasahau.

Nilikaa kule miaka minne, dereva wa basi la kubeba wafanyakazi. Chumbani tulilala sita: Watanzania wawili, Mnepali mmoja na Wahindi watatu. Nasema "Wahindi" kwa sababu siku ya kwanza ndivyo nilivyowaona. Mwezi haukuisha nikagundua mmoja ni wa Kerala, wawili ni wa Siwan, jimbo la Bihar, na kwamba yule wa Kerala na hawa wa Siwan wanaelewana kwa Kihindi cha kuungaunga, kama sisi tu. Usiku wakipiga simu nyumbani, wale wawili wa Siwan walihamia lugha nyingine kabisa. Na Mnepali naye akawa anachangia mazungumzo yao bila shida, maana kwao Birgunj, mpakani mwa Uhindi, wanaongea hiyo hiyo.

Mkubwa wao alikuwa fundi bomba wa miaka hamsini na kitu. Chumba kizima tulimwita Chacha, yaani baba mdogo. Nikamuuliza, Chacha, hiyo mnayoongea ni lugha gani? Akanijibu, "Bhojpuri." Halafu akashusha sauti, akasema lakini si lugha hasa, ni maneno ya kijijini tu, watoto wake amewapeleka shule ya Kihindi ili wasiongee hivyo.

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Nikaanza kutafuta, nikauliza, nikasoma. Sensa ya Uhindi ya 2011 iliwahesabu watu 50,579,447 waliotaja Kibhojpuri kuwa lugha yao ya mama. Milioni 50! Lakini ukifungua jedwali lenyewe, Kibhojpuri hakina mstari wake. Kimewekwa chini ya Kihindi, kama mtoto aliyeandikwa kwa jina la baba wa kambo. Na hapo hujaweka Nepal, ambako sensa ya mwaka huo huo ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu.

Eneo lenyewe ni magharibi ya Bihar na mashariki ya Uttar Pradesh, nchi ya mito: Ganga, Ghaghara, Gandak. Miji yake ni Ara, Chhapra, Siwan, Motihari, Ballia, Gorakhpur, mpaka Banaras. Jina limetoka Bhojpur, karibu na Buxar.

Niwaeleze jambo moja nililoliona kwa macho. Novemba 2018 nimetoka zamu ya usiku, saa tisa na nusu, nikamkuta Chacha ameketi kitandani, simu kaiegemeza kwenye ndoo. Kwao Bihar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kioo alikuwa mkewe, amesimama ndani ya maji yakimfika kiunoni, ameshika ungo wa mianzi kwa mikono miwili. Ndani ya ungo mna ndizi, kipande cha muwa, nazi, na vibiskuti vya rangi ya kahawia. Kulia na kushoto kwake wanawake wengine wamesimama vivyo hivyo, wote wanatazama upande mmoja, wanaimba kwa sauti moja ndefu ya kukokota, bila ngoma. Chacha hasemi kitu. Doha bado giza totoro, lakini kwenye ile simu jua likatoka, wale wanawake wakainua nyungo zao, mtu akamimina maziwa mbele ya ungo. Chacha akajifunika uso kwa taulo.

Ile ni Chhath, inaangukia siku ya sita baada ya Diwali. Mama yule alikuwa hajala wala hajanywa hata tone la maji kwa saa 36. Jioni iliyotangulia walikuwa wamelipa heshima jua linalozama, asubuhi wakalipa linalochomoza. Anayezama anatangulizwa. Hakuna haja ya kuhani katikati, ibada ni ya mwanamke mwenyewe na maji na jua. Vile vibiskuti vinaitwa thekua: unga wa ngano, sukari guru na samli, unakandwa mkavu, unagandamizwa kwenye kibao cha mti chenye nakshi, unakaangwa. Mwenzao aliyerudi kutoka likizo alituletea mfuko mzima. Vinakaa siku nyingi bila kuharibika, ndiyo maana msafiri hufungiwa hivyo.

Nitaendelea na nyimbo zao. Aliyewahi kuishi nao naye aongeze.

Kungu Manga

Mkuu uzi mzuri, lakini nikuulize bila ubishi. Si Kihindi hicho hicho kwa lafudhi ya kijijini? Hata sisi tuna Kimvita, Kiamu, Kimtang'ata, na hatusemi ni lugha mbalimbali. Na hawa Wahindi wa Kariakoo na Mombasa nao ni hao hao?

Dau la Pangani

Mkuu Kungu Manga, nianze na hilo la mwisho maana ni jepesi. Hapana. Wahindi wetu wa pwani wengi ni wa Gujarati na Kachchh, na waliojenga reli ya Mombasa kati ya 1896 na 1901, zaidi ya 30,000, wengi wao walitoka Punjab wakapandia meli Karachi. Wabhojpuri walipandia Kolkata, upande wa pili wa bara, wakapelekwa kwingine. Afrika Mashariki hawakuja.

Sasa lugha. Sikiliza tofauti mwenyewe. "Hujambo" ya heshima kwa Kihindi ni "aap kaise hain?" Kwa Kibhojpuri ni "raua kaisan bani?" Hakuna neno hata moja lililobaki lile lile. "Ninakwenda" kwa Kihindi ni "main ja raha hoon", kwao ni "ham jaat bani". "Hakuna" kwa Kihindi ni "nahin hai", kwao "naikhe". "Nitakwenda" ni "jaib", hiyo b ya mwisho ndiyo wakati ujao, na Kihindi hakinayo. Grierson, yule mtu wa Ireland aliyesimamia uchunguzi mkubwa wa lugha za Uhindi, alikiweka Kibhojpuri kundi moja na Kimaithili na Kimagahi, akaliita kundi la Kibihari, ambalo asili yake iko karibu na Kibengali kuliko na Kihindi cha Delhi.

Mtu wa Lamu na mtu wa Unguja wakikaa pamoja watataniana maneno lakini wataelewana. Yule kijana wa Kerala alijifunza Kihindi miaka mingi na bado Chacha akiongea na mkewe alikuwa hapati kitu.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho nakipenda mno. Wao huchukua jina wakaliongezea "wa" mwishoni, likawa ni kile kitu tunachokijua, au kitu ninachokizoea. Nyumba ni "ghar", lakini nyumba ile yetu ni "gharwa". Jina la mtu nalo hupata mkia huo, kwa mapenzi au kwa dharau, inategemea nani anamwita nani. Pesa ni "paisa", na hapo nadhani hamhitaji tafsiri. Sasa upo wimbo wa zamani wa wanawake, hauna mtunzi anayejulikana, unasema adui yangu si reli, adui yangu si meli, adui ni "paisawa". Zile pesa. Hizo pesa zenyewe zilizomchukua mume wangu.

Nilipoelewa neno hilo bila kutafsiriwa nilinyamaza kidogo. Nami nilikuwa Doha kwa sababu hiyo hiyo.

Mwalimu wa Zamu

Shukrani Dau. Mimi nafundisha fasihi sekondari na jambo hili nimelifuatilia kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mtu mmoja, Bhikhari Thakur. Niruhusuni nimweleze kwa urefu kidogo, anastahili.

Alizaliwa Desemba 1887 kijiji cha Qutubpur, wilaya ya Saran, akafariki Julai 1971. Tabaka lake ni vinyozi. Kule kinyozi hanyoi tu: ndiye anayepeleka mialiko ya harusi, ndiye anayebeba habari kutoka nyumba hii hadi ile. Shule hakuwa nayo ya kusema. Ujanani akaenda kutafuta maisha Kharagpur, Bengal, akinyoa watu. Huko akaona maigizo ya Ramlila, ya kisa cha mungu Rama, yakamkaa kichwani. Akarudi kijijini, akaunda kundi lake la ngoma na maigizo, na tangu hapo akawa anatunga, anaimba, anaigiza, anaongoza.

Kundi lake lilikuwa la wanaume watupu. Waliocheza nafasi za wanawake ni wavulana na wanaume waliovaa sari, ndiyo sanaa inayoitwa launda naach. Wakubwa wa vijiji waliwatazama usiku na kuwadharau mchana. Mmoja wa wachezaji hao, Ramchandra Manjhi, aliingia kundini akiwa mtoto, akacheza maisha yake yote, na mwaka 2021 serikali ya Uhindi ikampa nishani ya Padma Shri akiwa mzee sana. Alifariki mwaka uliofuata.

Igizo lake kubwa ni Bidesiya. Mume ameoa juzi tu, anaondoka kwenda Kolkata kutafuta kazi, anamwacha mke. Huko anapata mwanamke mwingine na kusahau nyumbani. Mke anakaa, anangoja, mtu wa jirani anamsumbua kwa sababu hana mume karibu. Anapita msafiri anayeelekea Kolkata. Mke anampa ujumbe, na ujumbe wenyewe ni namna atakavyomtambua mume: uso wake, mwendo wake, mavazi yake. Msafiri anamkuta, anamwambia, mume anarudi. Na yule mwanamke wa mjini naye anafuata na watoto wake, anakuja mpaka mlangoni.

Tazameni nani anayebeba habari katika hadithi hii. Mtunzi ametoka katika watu ambao kazi yao kwa kuzaliwa ni kubeba habari. Ndiyo maana naamini yule msafiri ni Bhikhari mwenyewe, ingawa igizo halimwiti kinyozi.

La pili ni Gabarghichor, na hili ndilo ninalowasomea wanafunzi wangu. Mume ameondoka miaka mingi. Mke amezaa na mtu mwingine. Mtoto amekua, ana umri wa kufaa kazi, mume anarudi na kusema mtoto ni wangu kwa sababu mke ni wangu. Yule mzazi naye anasema ni wangu kwa damu. Mama anasema ni wangu. Baraza la kijiji linaamua mtoto akatwe vipande vitatu, kila mmoja apate chake. Wanaume wawili wanakubali. Mama anasema mpeni yeyote, msimkate. Mnaijua hukumu ya Nabii Suleiman, lakini pale walikuwa wanawake wawili. Huyu kinyozi aliwasimamisha wanaume wawili na mama mmoja, mbele ya watazamaji waliojaa wanaume waliokuwa wamerudi likizo kutoka Kolkata, akawauliza mtoto wa nyumba uliyoiacha ni wa nani.

Rahul Sankrityayan, msomi mkubwa wa kule, alimwita Shakespeare wa Kibhojpuri. Sifa ni kubwa, lakini mimi nikitafuta mtu wa kumfananisha naye huwaza wale manju wetu waliokusanya kijiji kizima usiku mmoja na kuwaambia watu mambo ambayo mchana hayasemeki.

Bint Chumbageni

Mwalimu, hilo la mama kusema msimkate limenitoa machozi asubuhi hii. Sikujua. Kwani hao wanaume waliondoka wote kwa nini? Njaa?

Mwalimu wa Zamu

Dada, ardhi. Watu wengi, mashamba madogo, na juu yake wenye ardhi wakubwa. Saran ilikuwa inaongoza kwa kutoa watu. Wilaya ya jirani, Champaran, wakulima walilazimishwa kulima nili kwenye sehemu tatu za kila ishirini za shamba lao kwa faida ya walowezi Waingereza. Huko ndiko Gandhi alikoanzia harakati zake za Uhindi mwaka 1917. Reli ilipofika, njia ya kutoka ikafunguka: viwanda vya magunia Kolkata, chai ya Assam, Rangoon. Na kabla ya hapo meli.

Msafiri wa Port Louis

Kwenye meli naomba nichukue mimi. Nimeishi Mauritius kwa masomo, na sitaacha kulisema hili kwa sababu linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja.

Mashamba ya miwa ya Mauritius hayakuanza na Wahindi. Wakati Wafaransa wanakitawala kisiwa walinunua watumwa Madagascar, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watumwa kila mwaka. Watu wa kwetu ndio waliofyeka na kupanda. Utumwa ukafutwa Februari 1835, na wenye mashamba walikuwa wameshajipanga: tarehe 2 Novemba 1834 meli Atlas ilitia nanga Port Louis na Wahindi 36 wenye mkataba. Baada yao walifuata karibu laki nne na nusu. Wengi waliondokea Kolkata, na lugha iliyowashinda wote kule mashambani ikawa Kibhojpuri, hata kwa wale waliokuja na lugha nyingine, Wahindu kwa Waislamu.

Mkataba kwa Kiingereza uliitwa "agreement", jina ambalo midomo yao ililigeuza likawa "girmit". Mtu wa girmit ni "girmitiya". Aliyekuja kijijini kuwashawishi aliitwa "arkatiya", na hadi leo neno hilo lina uchungu. Walioshuka meli moja waliitana "jahaji bhai", ndugu wa jahazi. Jahazi, wakuu! Neno letu. Undugu huo ulikuwa mzito.

Wengine walipelekwa Guyana 1838, Trinidad 1845, Natal 1860, Suriname 1873, Fiji 1879. Majina ya nchi waliyatengeneza wenyewe: Mauritius ni Mirich, Demerara ya Guyana ni Damra, Trinidad ikawa Chinidad, nchi ya sukari, maana "chini" kwao ni sukari. Suriname lugha yao imekua peke yake, inaitwa Sarnami, ina washairi wake.

Ngazi za mawe walizopanda wakishuka bandarini Port Louis zipo hadi leo, panaitwa Aapravasi Ghat, UNESCO wamepaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nilipanda zile ngazi. Ni chache, fupi, unazimaliza kwa pumzi moja. Upande wa kusini magharibi wa kisiwa kuna mlima Le Morne, walikojificha watumwa waliotoroka, nao umeingizwa mwaka 2008. Mimi nilikwenda kote kuwili wiki moja.

Nilialikwa pia arusi, siku ya kabla ya ndoa yenyewe. Wanawake watano walioolewa waliketi chini, kitambaa kimetandazwa, wakawa wanapanga manjano, mchele, majani na pesa, na wengine wanaimba nyimbo za kuwaomba miungu. Kisha mama wa bibi harusi akaipa heshima ngoma, ile dholak yenye nyuso mbili, kabla haijapigwa. Baada ya hapo ngoma, vijiko, chombo cha shaba, na bibi wa miaka themanini anainuka kucheza. Hiyo inaitwa geet-gawai, nayo UNESCO waliiorodhesha 2016. Mjukuu wake aliniambia anazijua nyimbo zote lakini hawezi kuongea. Nyumbani ni Krioli. Sensa ya 2000 iliwapata watu 12 katika kila 100 wanaoongea Kibhojpuri nyumbani, ya 2011 ikawapata watano.

Bint Chumbageni

Nashukuru wote. Lakini nina swali ambalo pengine si zuri. Mimi nyimbo za Kibhojpuri ninazozijua ni zile za mtandaoni, na mwenzangu mmoja aliyenitafsiria alinifungia simu kwa aibu. Matusi matupu kuhusu wanawake. Inakuwaje lugha ya huyo mama wa mtoni na ya nyimbo hizo ni moja?

Dau la Pangani

Dada, swali ni zuri, na hata Chacha lilikuwa linamuumiza. Alikuwa akisikia nyimbo hizo basini ananiomba nizime.

Nijibu nilivyoelewa. Wanawake wa kule wana nyimbo kwa kila kitu. Mtoto akizaliwa ni sohar, na hapo kuna dhuluma, maana desturi ya zamani ilikuwa kuimbwa akizaliwa wa kiume tu. Wakisaga nafaka kwenye jiwe alfajiri ni jatsar, na mzunguko wa jiwe ndio pumzi ya mstari. Wakipandikiza mpunga ni ropni. Mvua za mwezi wa Sawan ni kajri. Mwezi wa Chait ni chaiti. Mume akiwa mbali, nyimbo za upweke hazihesabiki. Na arusini, ujumbe wa bwana harusi ukifika, wanawake wa upande wa bibi harusi wanawaimbia matusi, waziwazi, wanamtaja baba mkwe, wanataja mashangazi. Nyimbo hizo zinaitwa "gaari". Si gari la kupanda, hilo ni "gaadi", ulimi unakunjwa. Wanaotukanwa wanakaa na kula na wasipotukanwa wanaona wamedharauliwa.

Sisi tuna unyago. Nyimbo zile zina maneno ambayo ndani ya nyumba, kati ya wanawake, ni elimu. Mwanamume akizichukua akazipiga kwenye daladala kwa ajili ya wanaume wenzake, maneno ni yale yale lakini mwanamke aliyekuwa anayasema ameondolewa, amebaki wa kusemwa. Ndivyo ilivyotokea kule tangu kanda za kaseti zilipokuwa rahisi, soko likawa wanaume walio mbali na nyumbani, wapweke, na wauzaji wakajua wanataka nini.

Na isionekane kama zamani kulikuwa safi na sasa kumeharibika. Sharda Sinha aliimba nyimbo za arusi na za Chhath kwa Kibhojpuri, Kimaithili na Kimagahi katika zama hizo hizo za kaseti, na nyumba milioni ngapi hazifungui Chhath bila sauti yake. Alifariki tarehe 5 Novemba 2024, siku ya kwanza ya Chhath. Chacha alinitumia ujumbe wa sauti siku hiyo. Hakusema neno, aliweka redio karibu na simu.

Filamu nazo zilianza vizuri. Rajendra Prasad, rais wa kwanza wa Uhindi, alikuwa mtu wa Siwan hiyo hiyo, kijiji cha Ziradei, na ndiye aliyetamani pawe na filamu kwa lugha yake. Ya kwanza ilitoka 1963, Ganga Maiyya Tohe Piyari Chadhaibo, kuhusu mjane na haki yake ya kuolewa tena.

Kungu Manga

Nimekubali kuhusu sarufi, Dau, umenishinda. Lakini bado nasema: lugha isiyokuwa na vitabu, magazeti wala shule itabebwaje? Kihindi kimewapa kazi. Huyo Chacha kupeleka watoto shule ya Kihindi hakukosea.

Mwalimu wa Zamu

Hakukosea, na hakuna wa kumlaumu. Ila usiseme haina vitabu.

Septemba 1914 jarida la Kihindi liitwalo Saraswati lilichapisha shairi la Kibhojpuri la mtu aliyeitwa Hira Dom. Dom ni tabaka lililowekwa chini ya wote, la kuchoma maiti na kufagia. Shairi ni malalamiko kwa Mungu: uliwaokoa wengine wote katika hadithi zako, mbona sisi hutushiki, au nawe unaogopa kutugusa? Hilo huhesabiwa miongoni mwa mashairi ya kwanza kuchapishwa ya watu wasioguswa katika ukanda wote ule. Aliandika kwa lugha ya nyumbani, na swali hilo kwa lugha nyingine lingekuwa limevaa viatu.

Riwaya ya kwanza, Bindiya ya Ramnath Pandey, ilitoka 1956. Phulsunghi ya Pandey Kapil ilitoka 1977, nayo 2020 ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kabir mwenyewe, mfumaji wa Banaras wa karne ya 15, mashairi yake yamejaa maneno ya upande huo. Kinachotokea ni kwamba mwandishi hodari wa kule, akishajua kuandika, anaandika Kihindi. Premchand alizaliwa kijiji cha karibu na Banaras, kwenye lugha hiyo, akaandika Kiurdu na Kihindi. Hesabu zake zinaingia daftari la jirani.

Hata hati waliyokuwa nayo imepotea. Iliitwa Kaithi, hati ya makarani. Mahakama za Bihar ziliitumia, mikataba ya mashamba iliandikwa kwayo, kisha Devanagari, hati ya Kihindi, ikachukua nafasi. Sasa familia zina karatasi za babu zao za shamba na hakuna wa kuzisoma. Tunaokaa pwani tunalijua hili vizuri. Mzee wangu alikuwa na sanduku la barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi wajukuu saba, tuliosoma wote, hatukuweza kusoma hata salamu.

Na katiba ya Uhindi ina orodha, Jedwali la Nane, yenye lugha 22 zinazotambuliwa. Kisanskriti kimo, na sensa ya 2011 ilipata watu 24,821 tu wanaokitaja kuwa lugha ya mama. Kimaithili, ndugu wa Kibhojpuri, kiliongezwa kwa marekebisho ya 2003. Kibhojpuri hakimo. Mwaka 2012 waziri wa mambo ya ndani, Mtamil, alisimama bungeni akasoma sentensi moja kwa Kibhojpuri kuwaambia anaelewa hisia zao. Waigizaji na waimbaji watatu wakubwa wa filamu za Kibhojpuri wamekuwa wabunge. Orodha bado ni ile ile.

Kungu Manga

Nimesoma mara mbili. La sanduku la barua limenifikia. Nitalala nalo.

Nahodha Muttrah

Wakuu, mimi niko Muscat, nasoma tu kimyakimya tangu jana. Mlinzi mwenzangu wa zamu ni Mhindi, mtu mzima, tumefanya kazi mwaka wa pili tunasalimiana kwa mkono tu. Dau, nipe salamu yao niijaribu leo.

Dau la Pangani

Ukimkuta mwambie "ka haal ba?" Akiwa amekuzidi umri sana, anza na "pranam", kama shikamoo hivi, ukiinamisha kichwa kidogo. Akikujibu "theek ba" basi umefika. Akikuuliza jina sema "hamar naam", halafu jina lako, halafu "ha".

Nahodha Muttrah

Nimerudi. Nilimkuta anakula, nikasema pranam, nikasema ka haal ba. Alisimama na tonge mkononi. Akaniuliza kitu, sikuelewa, akarudia, nikasema tu Gopalganj? Kwa kubahatisha, nilikuwa nimeona kwenye ramani iko jirani na Siwan. Siyo, ni Chhapra. Akanishika bega akawa anaongea kwa kasi kama dakika kumi na mimi sipati hata neno, isipokuwa "paisawa" mara mbili.

Sasa amenipa unga fulani wa kahawia kwenye kopo, anasema ninywe asubuhi. Ni nini huu?

Dau la Pangani

Ni sattu, dengu za kukaanga zilizosagwa. Koroga na maji baridi, tia chumvi, kamua ndimu, katia kitunguu na pilipili mbichi. Usitie sukari mbele yake.